Mke aliyekataa na mji uliomzomea: uchambuzi wa kisa cha kikundi cha maigizo

Utangulizi

Kisa hiki kinahusu onyesho la kikundi cha maigizo cha watu wa kujitolea katika mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza. Tamthilia ilihusu uhuru wa mwanamke katika zama za Malkia Victoria, na kikundi kiliiandika chenyewe. Mimi nilikuwa msimamizi wa jukwaa, kwa hiyo niliyaona mazoezi yote na maonyesho yote nikiwa pembeni mwa pazia. Jina la kikundi, la mji na ya washiriki nimeyaondoa, na mambo madogo kadhaa nimeyabadili ili mtu asitambulike. Majina yaliyobaki ni ya watu wa mwaka 1891 ambao habari zao zilijaa magazetini na zimo katika kumbukumbu za mahakama.

Ninawaandikia wenzangu wa vikundi vya sanaa wanaotaka kupeleka jukwaani maisha ya wanawake wa zamani, iwe Tanga, Kisumu au Bujumbura. Kishawishi ni kilekile kila mahali: kumvisha bibi wa karne iliyopita gauni la zamani, kisha kumtilia mdomoni hotuba ya leo.

Usuli: kikundi na kesi

Wanachama walikuwa walimu wastaafu, wauguzi, fundi umeme mmoja, karani wa benki na vijana wachache waliotoka shule karibuni. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume kwa mbali, kama ilivyo katika vikundi vingi vya aina hii. Hakuna aliyelipwa. Kila mwaka walitoa mchezo wa watoto wakati wa Krismasi, ambao uliingiza fedha, na tamthilia nzito wakati wa majira ya kuchipua, ambayo ilizitumia. Ukumbi ulikuwa wa kanisa: viti visivyofika mia, jukwaa fupi, na taa chache ambazo fundi umeme wetu alizijua moja moja kwa kasoro zake.

Kamati ilianza kwa kutafuta tamthilia iliyokwisha kuandikwa. Nyingi za kufaa zilidai malipo ya haki ya kuigiza kila usiku, maana Uingereza haki hiyo hudumu hadi miaka 70 baada ya mwandishi kufariki. Ndipo mwanachama mmoja, mkutubi mstaafu, alipoleta nakala za magazeti ya Machi 1891 yenye habari za Emily Jackson.

Habari yenyewe ni hii. Mnamo Novemba 1887, Emily Hall aliolewa na Edmund Jackson huko Blackburn, mji wa viwanda vya pamba katika jimbo la Lancashire. Siku chache baada ya harusi mume alisafiri kwenda New Zealand, mke akiwa amekubali kumfuata baadaye. Hakumfuata. Alibadili nia, akamweleza mumewe kwa barua, na mume aliporudi mwaka 1888, Emily alikataa kuishi naye. Mwaka 1889 mume alipata amri ya mahakama ya kurejeshewa haki za unyumba, yaani amri ya kumtaka mke arudi kuishi naye. Mke hakuitii. Jumapili tarehe 8 Machi 1891, Emily akitoka kanisani katika mji wa Clitheroe, mumewe na wanaume wawili walimkamata, wakamwingiza kwa nguvu garini, gari la farasi, wakampeleka Blackburn na kumfungia ndani ya nyumba.

Ndugu zake walikwenda mahakamani London kuomba mume aamriwe kumleta mbele ya majaji. Mahakama ya kwanza ilikataa: mume alikuwa na haki ya kumzuia mkewe. Hilo halikuwa jambo geni, kwani mwaka 1840, katika kesi ya Cochrane, mahakama ilikuwa imemruhusu mume kumfungia mke nyumbani. Lakini tarehe 19 Machi Mahakama ya Rufani, ikiongozwa na Lord Halsbury, iliamua kwamba mume hana mamlaka ya kumfunga mkewe, na Emily akaachiwa. Siku 11 tu zilikuwa zimepita. Aliporudi Clitheroe, umati ulimzomea.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani mambo haya ni ya mbali. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 iliyompa mwanamke aliyeolewa haki ya kumiliki mali yake ilitumika katika mahakama za Kenya hadi ilipotungwa Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013. Na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inakataza kufungua shauri la kumlazimisha mwenzi kuishi na mwenzake. Emily alipokataa kuingia katika nyumba ya Blackburn alikuwa anapigania jambo ambalo wabunge wa Dar es Salaam walikuja kuliandika waziwazi miaka 80 baadaye.

Mswada wa kwanza, na kwa nini uliachwa

Kamati ndogo ya watu watatu iliandika mswada wa kwanza kwa muda wa majira ya kiangazi. Ulikuwa na hotuba tatu ndefu za Emily: moja kwa dada yake, moja kwa mumewe akiwa kifungoni, moja mbele ya majaji. Zote zilizungumzia haki za wanawake kwa ufasaha mkubwa. Tuliposoma kwa mara ya kwanza tukiwa tumekaa mviringo, watu walipiga makofi.

Aliyepinga ni mwigizaji aliyepewa nafasi ya Emily. Alikuwa muuguzi, mtu wa maneno machache, na alikuwa amesoma nakala zote za magazeti. Hoja yake ilikuwa kwamba mwanamke huyu hakuwa mwanaharakati. Wanaharakati walikuwapo: Elizabeth Wolstenholme Elmy, aliyepigania sheria za mali ya wanawake kwa miaka mingi, aliupokea uamuzi ule kwa furaha kubwa. Emily mwenyewe hakuomba kuwa mfano wa mtu yeyote. Alichokuwa anataka ni kutoishi na mwanamume yule. Kwa nini? Magazeti yalibishana. Upande wa mume ulisema ndugu za Emily walimshawishi. Mswada wetu ulikuwa umemtungia sababu nzuri ili tumpende.

Mjadala ulichukua mazoezi mawili mazima. Upande mmoja ulisema hadhira haitamwelewa mhusika mkuu asiyejieleza. Upande wa pili, ambao mwongozaji alihamia baadaye, ulisema kwamba kumdai mwanamke atoe sababu ya kutosha kabla ya kumwacha huru ndilo kosa lenyewe ambalo tamthilia ilitaka kulionyesha. Mume alidai sababu, umati ulidai sababu, na sasa sisi nasi tulikuwa tunadai sababu. Uamuzi: hotuba zote tatu zifutwe. Emily atasema hataki, na hatamweleza mtu yeyote kwa nini.

Huo ndio uamuzi uliobeba onyesho zima.

Mazoezi: mlango wa kanisa

Tukio la kutekwa lilikuwa gumu kuliko yote. Mara ya kwanza lilifanywa kwa purukushani kamili: wanaume watatu, mwanamke mmoja, dada yake akivuta upande wa pili. Lilionekana la kweli mno. Mwigizaji alisema wazi kwamba hataki kushikwa hivyo jioni mbili kila wiki kwa miezi mitatu, na mmoja wa wanaume watatu akakiri kwamba naye usingizi ulikuwa unampaa. Mwongozaji alisimamisha mazoezi siku ileile. Alimleta mkufunzi wa mapigano ya jukwaani, ambaye alilipangia tukio hatua za kuhesabu: nani anashika wapi, kwa mkono upi, anaachia kwa neno gani. Kanuni yake ilikuwa moja, nayo inafaa kuandikwa ukutani katika kila ukumbi wa mazoezi: anayetekwa ndiye anayeongoza mwendo. Mwanamke alikuwa anajivuta mwenyewe kuelekea garini huku mikono ya wanaume ikimgusa tu. Kutoka kwenye viti ilionekana anaburutwa.

Baadaye tulipunguza zaidi. Gari halikuwapo jukwaani. Palikuwa na kishindo cha mlango na kwato za farasi zilizotengenezwa na kijana mmoja kwa vifuu vya nazi. Kofia ya Emily, ile yenye utepe wa kufungia kidevuni, ilibaki sakafuni mbele kabisa. Waandishi walitaka dada aiokote. Mwigizaji wa dada alijaribu kuiokota, kuikumbatia, kuikung'uta vumbi, na kila mara tukio lilishuka. Mwishowe aliambiwa asiiguse, atoke akikimbia kutafuta msaada, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Ikabaki pale hadi mapumziko, na watu waliokwenda kununua chai walikuwa wanaizunguka wasiikanyage.

Neno kuhusu maleba, kwa sababu vikundi hukosea hapa. Tulikodi magauni ya zama za Victoria, yakaja yenye mto mkubwa wa kuitunisha nguo nyuma ya kiuno. Mtindo ule ulikuwa umeisha kufikia mwaka 1891. Magauni ya mwaka huo yalikuwa yamenyooka nyuma, na mikono imeanza kuvimba begani. Fundi cherehani wetu aliondoa mito hiyo na kuongeza kitambaa begani. Huenda watazamaji wachache tu waligundua. Ila koseti, yaani ile fulana yenye vijiti vigumu inayobana kiuno, Emily na dada yake walivaa tangu wiki ya pili ya mazoezi, na faida yake ilionekana na kila mtu. Ukiwa umebanwa hivyo huwezi kusema sentensi ndefu kwa pumzi moja. "Hapana" na "sitakwenda" zilitoka fupi na kavu kwa sababu mwili haukuwa na hewa ya kutosha kusema zaidi.

Mume na umati

Uamuzi wa tatu uliozua ubishi ulihusu Edmund. Mswada wa kwanza ulikuwa umemfanya mlevi mwenye fimbo. Mkutubi wetu alipinga: katika macho ya watu wengi wa Blackburn mwaka 1891, mume yule alikuwa mtu aliyedhulumiwa, mwenye amri halali ya mahakama mkononi. Mwandishi Eliza Lynn Linton, mwanamke, alichapisha makala mwaka uleule akilalamika kwamba uamuzi wa majaji umeitikisa ndoa. Kumfanya Edmund jitu la kutisha kungewapa watazamaji njia rahisi ya kujitenga naye.

Kwa hiyo Edmund wetu alikuwa mpole. Alileta chai. Alizungumza kwa sauti ya chini, alimwuliza mkewe kama anahisi baridi, kisha akafunga mlango na kutia ufunguo mfukoni. Kijana aliyemwigiza aliniambia kwamba alipata shida kuiamini nafasi hiyo hadi alipoacha kuigiza ubaya. Alianza kuigiza mtu mwenye hakika kwamba ana haki, na hapo wanawake wa mstari wa mbele wakaanza kusogea nyuma kwenye viti vyao.

Umati tuliuweka ndani ya hadhira. Wanachama wanane walikaa kati ya watazamaji wakiwa na makoti ya kawaida juu ya maleba. Emily aliporudi nyumbani, akitembea katikati ya safu za viti, walianza kuzomea, kwanza mmoja nyuma kabisa, kisha wengine. Tulihofia mambo mawili: mtazamaji kushtuka vibaya, na mtazamaji kujiunga kwa ushabiki. Tuliweka tangazo mlangoni kwamba kutakuwa na kelele ndani ya ukumbi, na nilikaa karibu na swichi ya taa za ukumbi nikiwa na ruhusa ya kusimamisha onyesho.

Usiku wa kwanza watu walinyamaza. Usiku wa pili mzee mmoja alisimama na kuwaambia wazomeaji wamwache mama wa watu apite. Mwigizaji aliyekuwa karibu naye hakuwa na maneno ya kumjibu, akaendelea kuzomea akimtazama usoni, na mzee akabaki amesimama hadi Emily alipofika jukwaani. Usiku wa tatu kulitokea jambo lililotushtua: wasichana wawili wa shule walijiunga na kuzomea huku wakicheka. Katika mazungumzo baada ya onyesho mmoja wao alisema kila mtu alikuwa anafanya hivyo. Sidhani kuna hotuba ambayo ingelieleza zaidi umati wa Clitheroe.

Majaji watatu

Hapa palitushinda. Wanaume wa kikundi walikuwa wamekwisha, hivyo majaji wa Mahakama ya Rufani, Lord Halsbury, Lord Esher na Lord Justice Fry, waliigizwa na wanawake. Tuliwavika mawigi na ndevu. Usiku wa kwanza ukumbi uliangua kicheko walipoingia, na kicheko kile kiliua dakika tano zilizofuata, ambazo ndizo zilizokuwa na uamuzi wote. Usiku wa pili mwongozaji aliondoa ndevu na mawigi. Wakabaki wanawake watatu wenye majoho meusi wakisoma. Kicheko kikaisha.

Lakini tukio lenyewe lilikuwa refu. Tulijaribu kueleza kesi ya mwaka 1840, amri ya haki za unyumba, na sheria ya mwaka 1884 iliyoondoa adhabu ya kifungo kwa mwenzi asiyetii amri hiyo. Mambo haya yana uzito. Sheria ya 1884 ndiyo iliyokuwa moyo wa hoja: ikiwa mahakama yenyewe haiwezi tena kumfunga mke kwa kukataa unyumba, mume atakuwaje na nguvu ambayo mahakama haina? Hoja hiyo ni kali, na mtu anayeielewa huisimulia kwa shauku. Tuliizika chini ya tarehe. Kijikaratasi kilichogawiwa mlangoni, chenye sheria kuu katika ukurasa mmoja, kiliwasaidia watu kuliko tukio lenyewe.

Matokeo

Maonyesho manne yalifanyika. Usiku wa kwanza ukumbi ulikuwa nusu. Miwili ya mwisho ulijaa, kwa sababu watu waliambiana. Gharama zilirudi, ingawa hapakubaki ziada. Malalamiko yalikuwa mawili: muumini mmoja hakupenda utekaji ufanyike mlangoni pa kanisa tukiwa ndani ya ukumbi wa kanisa, hadi kasisi alipomweleza kwamba ndipo ulipofanyika, na mtazamaji mmoja aliona tumemwonea Edmund huruma mno. Baada ya kila onyesho kulikuwa na mazungumzo ya hiari. Usiku wa mwisho mwanasheria mstaafu alieleza kwamba amri ya kurejesha haki za unyumba ilifutwa Uingereza mwaka 1970 tu, na kwamba mume kumbaka mkewe kulitambuliwa na mahakama ya juu kuwa kosa mwaka 1991, miaka 100 baada ya Emily kuachiwa. Watu walikaa hadi mlinzi wa ukumbi alipokuja na funguo.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kukataa kumtungia Emily sababu. Nimeona tamthilia nyingi, huku na nyumbani, ambamo mwanamke anayedai uhuru lazima kwanza apigwe, asalitiwe au aibiwe mbele ya macho yetu ili tukubali aondoke. Nia ni njema. Lakini inamfundisha mtazamaji kwamba bila jeraha la kuonekana mwanamke hana ruhusa. Emily wetu hakuonyesha jeraha, na hadhira ilibaki na swali la haki peke yake, bila huruma ya kulisaidia. Upole wa Edmund ulihitajika kwa sababu hiyohiyo: angekuwa mkatili, ukatili wake ungekuwa jibu, na swali la ufunguo lingepotea.

Uamuzi wa kusimamisha purukushani ulilipa kisanaa pia. Mwigizaji aliyejua kwamba yeye ndiye anayeongoza mwendo aliweza kupinga kwa nguvu zote bila hofu. Kikundi kinachoigiza unyanyasaji bila kupanga nani ana mamlaka juu ya mwili wake mazoezini kinarudia kile kinachokikemea.

Kasoro ya majaji nimekwisha kuieleza. Ilitokana na kupanga nafasi za waigizaji dakika za mwisho na kuipenda sheria bila kuitafutia tendo.

Kasoro kubwa, ambayo hakuna mtazamaji aliyeitaja, ni fedha. Emily aliachiwa baada ya siku 11 kwa sababu familia yake iliweza kuajiri mawakili na kufika London. Mwanamke maskini angefungiwa katika nyumba ileile na jina lake lisingefika kwenye gazeti. Na Blackburn ulikuwa mji wa wafumaji. Maelfu ya wanawake wa Lancashire, walioolewa na wasioolewa, walifanya kazi kwenye mitambo ya pamba, walilipwa kwa kipande kwa viwango vilevile vya wanaume, na walikuwa wanachama wa vyama vya wafumaji. Tangu sheria ya mwaka 1870 mshahara wa mke ulikuwa wake kisheria. Hao ndio walioishi uhuru wa aina nyingine kila siku, kwa jasho, wakati majaji wakibishana. Tamthilia yetu ilijaa maleba mazuri na haikuwa na mfumaji hata mmoja. Mjakazi wa nyumba ya Blackburn alikuwapo, akaingiza sinia mara mbili na kutoka. Tulikuwa na wanawake wengi kuliko nafasi za kuigiza, na bado tuliona afadhali kuwavika ndevu za majaji kuliko kuwaandikia wafumaji.

Kikundi kimekubali kuirudia tamthilia hii na mswada unaandikwa upya. Tukio la mahakama litakuwa na hoja moja tu, ile ya sheria ya 1884. Mfumaji ataingia tangu mwanzo, akiwa na mshahara wake wa wiki mkononi. Linalobishaniwa sasa ni mfumaji huyo awe wapi Emily atakaporudi Clitheroe. Nusu ya wanachama wanataka atembee pamoja naye. Mimi niko na nusu nyingine: tunataka akae kwenye viti vya hadhira na awe wa kwanza kuzomea, maana mwanamke anayeamka usiku kwenda kiwandani ana haki ya kuuliza kwa nini mtaa mzima unamzungumzia yule bibi na si yeye.